Mayai ya Onorina

Mwezi wa sita umeingia na mvinyo bado ni uji.
Naweka tochi ya simu nyuma ya chupa kubwa,
mwanga unaingia
na hautokei upande wa pili.

Plamu nilizichuma mwenyewe, Januari, madebe matatu,
nyingine zimedonolewa na ndege.
Nikaponda, nikatia sukari, nikatia hamira,
zikachemka bila moto kando ya gunia la mahindi,
zikinung'unika usiku kucha
kama mlevi anayetafuta funguo zake.
Pasaka zikanyamaza.
Kunyamaza si kutakata.

Kwanza nilitumia udongo.
Wilgis aliuleta kutoka Mbeya, mweupe, laini kama poda ya mtoto.
Nikauloweka, ukavimba, nikaumimina, nikakoroga.
Ulishuka na nusu ya tope.
Nusu nyingine ilibaki juu, inanitazama.

Kisha gelatini. Hiyo niliielewa:
miaka kumi na tisa nimefanya kazi kiwanda cha miwati,
najua tanini inavyoshika ngozi, kucha, ulimi,
najua ikikutana na gelatini hukumbatiana
zikazama pamoja.
Zilizama.
Ukungu haukuzama.

Kisha ute wa yai.
Nilikwenda kwa Onorina Mligo, ng'ambo ya kijito,
anayelima viazi kinyunguni na hana deni la mtu.
"Mayai mawili, kwa ajili ya pombe?" Akaniangalia.
"Viini nirudishie. Vina walaji."
Nikavirudisha ndani ya kikombe cha bati, vizima,
majua mawili ya mtoto anayejifunza kuchora.
Ute nikaupiga na chembe ya chumvi.
Siku tatu. Afadhali. Si zaidi.

Vichujio sitaki kuvisimulia.
Shashi, pamba, shati la sare ya kiwandani,
karatasi iliyoziba baada ya kikombe kimoja,
nami nimekaa nahesabu matone
mpaka Skolastika akasema kutoka kitandani:
"Hilo dubwana litoke ndani, au nitoke mimi."

Nikalitoa barazani.
Mbingu ilikuwa tupu, nyota zimesogea karibu mno,
hakuna upepo, hakuna mbwa.
Mtu wa Uwemba anazijua dalili hizo.
Nami nilizijua.
Nikashika shingo ya chupa nikasema,
kwa sauti, si kwa moyo:
Baridi, njoo. Shuka ufanye kazi yako.

Asubuhi majani yalivunjika chini ya kandambili.
Mashapo yamelala, unene wa vidole viwili,
na juu yake mvinyo:
mwekundu, mtulivu, wazi
kama kioo cha kanisani kisicho na mtakatifu.
Nikainama, nikatazama kupitia kwake.
Nikaiona ng'ambo imepinduka,
kama chupa iliyojaa inavyopindua kila kitu:
kinyungu juu, mbingu chini,
na Onorina, mdogo, mwekundu, miguu hewani,
mikono kichwani.

Sakitu ilikuwa imepita kwake kwanza.
Bondeni ndiko inakolala.
Majani ya viazi meusi, yamelegea
kama mboga iliyosahauliwa jikoni.
Tulichimba hadi saa saba. Viazi ukubwa wa gololi.
Hakulia. Alihesabu magunia ambayo hayatakuwepo,
kwa sauti, moja moja,
akafika kumi na moja akaacha.

Jumapili nilivuta mvinyo kwa mpira, polepole,
nisitibue chini,
nikampelekea chupa ya kwanza.
Akaiinua kwenye jua, akaizungusha.
"Umetakata," akasema. "Ulifanyaje?"

Kikombe cha bati kilikuwa kwenye kichanja, kimefunikwa,
kinakauka.
"Mayai yako," nikasema.